Simu ya Majaribio

Siku hiyo simu ya Mama Pini ilianza kulia saa tisa kamili alasiri, yeye akiwa katikati ya kushona kola, na haikunyamaza mpaka kola yenyewe ilipokwenda kombo. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe. Kila meseji ilipoingia ilitetemeka na kusogea juu ya meza ya cherehani, ikasogea, ikasogea, hadi ukingoni. Aliidaka kabla haijaanguka. Meseji kumi na nne. Alipomaliza kuvaa miwani zilikuwa ishirini na mbili.

"Huyu mtoto leo ana nini?" alisema.

Mumewe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na gazeti usoni. Aliuliza bila kulitoa, "Injinia?"

"Nani mwingine?"

Injinia ni binti yao. Jina hilo alimpa baba yake siku alipopata kazi, na likamganda. Kampuni iliyomwajiri, ya watu wanne tu, ilitengeneza mfumo ambao kliniki huutumia kuwapelekea wagonjwa meseji: miadi yako ni kesho, dawa yako iko tayari, mlete mtoto chanjo. Sasa, kitu kama hicho lazima kijaribiwe kabla hakijaanza kutumika, na mgonjwa wa watu huwezi kumfanyia majaribio. Kwa hiyo binti alikuwa ameandika mstari mmoja kwenye mipangilio ya kompyuta yake: kila meseji, iwe ya nani, iende kwenye namba hii moja. Namba yenyewe ilikuwa ya mama yake.

Mwaka wa pili huo Mama Pini alikuwa akipokea meseji za wagonjwa wasiokuwepo duniani. Binti aliwatungia majina ya mzaha. Bwana Kijiko Kilichopinda alikumbushwa kwenda kung'oa jino. Bibi Sufuria Mbili alitakiwa kliniki ya wajawazito. Mama Pini alizisoma kwa sauti, mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha zikafutwa zote, maana simu ikijaa wateja wa nguo hawampati. Alijivunia kazi hiyo. Aliwaambia majirani kwamba bila simu yake mjini hapatibiwi mtu.

Lakini leo Bwana Kijiko hakuwepo, na Bibi Sufuria hakuwepo. Hapakuwa na jina hata moja, habari tupu. Kumbuka miadi yako kesho. Kumbuka miadi yako. Dawa yako iko tayari. Alidhani binti amechoka kutunga, akaanza kufuta kwa kidole gumba, jicho moja likiwa kwenye kola. Alifuta moja iliyosema: Majibu ya kipimo chako yametoka, hayana tatizo, tuonane baada ya mwaka. Za namna hiyo zilikuwa kama tano, akazifuta zote. Iliyofuata iliandikwa vingine.

Majibu ya kipimo chako yametoka. Fika kliniki ndani ya siku mbili kuonana na daktari. Tafadhali uje na mtu wako wa karibu.

Kidole kilibaki hewani.

Siku tisa nyuma aliwaaga nyumbani kwamba anakwenda kununua zipu. Zipu alinunua kweli, ila alipitia kliniki kwanza. Siku chache kabla ya hapo, alipokuwa akijipimia gauni, alikuta kitu kigumu kama kokwa kwenye titi la kushoto, na zile pini alizozoea kuzichomeka upande huo wa gauni, ambazo ndizo zilizompa jina mtaani, akawa anazichomeka kulia. Kliniki walimchoma sindano, wakachukua walichochukua, wakaandika namba yake. Tutakutumia meseji, walimwambia. Hakumwambia mtu. Mzee presha yake ilikuwa juu tayari, na mshahara wa binti ndio uliokuwa ukiiendesha nyumba. Angesikia angeacha kila kitu akae naye. Halafu, alijiambia, atawaambia nini wakati hakuna cha kuambiwa?

Alizidi kushuka kwenye orodha ya meseji. Meseji kama ile ilikuwepo tena chini. Na tena. Tatu, neno kwa neno.

Akachanganyikiwa. Kama ni mchezo wa binti, basi ni mchezo, hakuna neno. Kama si mchezo, mbona tatu, na yeye ni mmoja? Na kama moja kati ya tatu ni yake, ni ipi? Akazisoma tena moja moja, polepole. Zilizobaki hakuzigusa.

"Mbona umenyamaza?" mzee aliuliza. "Soma basi tucheke."

"Leo hazichekeshi," alisema, akaitia simu mfukoni.

*

Jioni Injinia alirudi uso umechoka ila unang'aa. Alivua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kiti.

"Tumehama, Mama. Mfumo wote tumeuhamishia kwenye seva mpya, kompyuta kubwa ya kampuni. Nimeuhamisha peke yangu, tangu saa mbili asubuhi, na haujakwama hata dakika moja."

"Hongera, mwanangu."

"Bosi amesema, nanukuu, 'si vibaya.'"

"Yule? Hiyo kwake ni sherehe," baba mtu alisema. "Na simu ya mama yako leo, wee! Ilikuwa inacheza ngoma juu ya..."

"Mzee, chai inapoa," Mama Pini alimkata.

Mzee alitazama kikombe chake. Kilikuwa kinatoa moshi. Alimtazama mkewe, hakuelewa, akanywa na kujiunguza ulimi.

Neno lilikuwa pale pale kwenye midomo ya Mama Pini: leo ulinitumia? Ni maneno mawili tu, na angejibiwa. Lakini angeulizwa kwa nini anauliza, na yeye hakuwahi kuweza kumdanganya binti huyu akimtazama machoni. Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

*

Asubuhi aliaga anakwenda kurudisha zipu.

Foleni ya dirishani ilikuwa ndefu na watu walikuwa na hasira zisizo na mwenyewe. Wengine walikuja bila kuitwa, wengine walisema waliahidiwa kuitwa na hawakuitwa. Muuguzi wa dirishani alikuwa amejibu sana mpaka sauti imemkauka.

"Mama, umepata meseji?"

"Nimepata."

"Ionyeshe."

Mama Pini alipenyeza simu chini ya kioo. Muuguzi alisoma, akashuka, akasoma, akashuka. Nyusi zilipanda.

"Hii ya majibu mbona ziko tatu? Na hii, mlete mtoto chanjo ya miezi tisa. Una mtoto wa miezi tisa, wewe mama?" Alishuka tena. "Heee! Na kliniki ya wajawazito umo!"

Nyuma yake foleni ilicheka. Mtu mmoja alisema bibi yetu huyu hana mchezo. Mama Pini naye alicheka, kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake, na masikio yakamwaka moto.

"Hii simu ni yako kweli?" muuguzi aliuliza, sasa kwa sauti nyingine.

"Nimeinunua mwenyewe. Nataka tu kujua kama humo kuna meseji yangu."

Muuguzi alichukua kadi yake, akabofya. Kwenye kioo cha kompyuta Mama Pini aliliona lile ua la bluu ambalo hukaa kwenye kompyuta ya binti yake nyumbani. Siku ile ya kwanza nusura aseme, huu mfumo ni wa mwanangu. Leo alingoja jibu tu.

"Jana saa tisa umetumiwa moja. Imefika."

"Inasemaje?"

"Hapa hapaonyeshi inasemaje. Hapa panaonyesha imefika. Umeipokea wewe, halafu unaniuliza mimi?"

"Faili langu je?"

"Faili za majibu ziko kwa daktari, na daktari ni kesho asubuhi. Wewe fanya kama meseji ilivyokwambia."

"Ndiyo hiyo nisiyoijua, ilivyoniambia."

"Mama, tafadhali. Foleni."

Alisogea pembeni. Mwanamke aliyefuata alikuwa na mtoto mgongoni. "Niliambiwa nitaitwa kwa chanjo," alisema, "sijaitwa." Muuguzi alibofya, akachoka zaidi. "Umeitwa jana saa tisa. Imefika." "Haijafika!" "Imefika, dada, tazama mwenyewe."

"Ana miezi tisa?" Mama Pini aliuliza.

Yule mwanamke aligeuka. "Ndiyo."

"Chanjo ni leo saa nne," Mama Pini alisema. "Chumba namba sita."

Mwanamke alimkazia macho, na muuguzi pia. Mama Pini mwenyewe alishangaa kusikia sauti yake, kisha akaelewa. Haukuwa mchezo. Meseji ya mtoto yule ilikuwa mfukoni mwake tangu jana. Zilikuwa za watu, zote, na thelathini na kitu alikwisha kuzifuta huku anashona kola. Jana jioni angefungua mdomo, watu hawa wote wasingekuwa wamesimama hapa.

Na moja ilikuwa yake. Huenda ni moja ya zile tano njema alizozifuta. Huenda ni moja ya hizi tatu. Njiani kurudi alijikuta anaomba ziwe za wengine, zote tatu, kisha akaona haya kwa kuwaombea wenzake mabaya, kisha akaomba tena.

*

Alimkuta Injinia mezani nyumbani, hajakwenda ofisini, kompyuta wazi, simu imewekwa kwenye spika kwa sababu ilikuwa imevunjika upande wa sikioni. Baba yake alisimama nyuma ya kiti na mikono kiunoni, kama mtu anayesaidia.

"Kliniki tatu zimenipigia," sauti ya bosi ilisema. "Wagonjwa hawajapata kitu."

"Bosi, nimeangalia mara kumi. Zote sitini na moja zimefika."

"Zimefika wapi?"

"Zime... zimefika. Mfumo unasema zimefika."

"Binti, nakuuliza zimefika wapi."

Injinia alibofya tena orodha ile ile. Macho yalikuwa mekundu. Mama Pini alitoa simu yake, akaiweka juu ya meza, kando ya kompyuta.

"Zimefika hapa," alisema.

Mzee aliinama kuitazama.

"Nani huyo?" bosi aliuliza.

Injinia aliichukua ile simu ndogo, akaifungua, akashuka, akashuka. "Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Hapana, hapana."

"Nakuuliza, zimekwenda kwa nani?"

"Kwa mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu mzazi, bosi."

Injinia alikuwa ameshafungua faili la mipangilio kwenye seva mpya, akateremka mistari, akasimama.

"Umo," alisema. "Mstari wa majaribio umo. Nilinakili mipangilio ya mashine yangu badala ya ya wateja."

"Programu ni mbovu?" baba yake alinong'ona.

"Programu ni nzima kabisa, Baba." Alijipangusa macho kwa kiganja. "Ni kama Mama anavyokata nguo. Mtindo ni ule ule, mkasi ule ule, ila kila mteja ana karatasi yake ya vipimo. Mimi nimekata nguo za watu sitini na moja kwa karatasi ya vipimo vya Mama."

Mama Pini alielewa mara moja, kuliko alivyowahi kuelewa chochote cha kompyuta ile. Kosa hilo aliwahi kulifanya. Bibi harusi alilia.

"Nani alikagua?" bosi aliuliza.

"Nilikuwa peke yangu."

"Kuna watu wamekosa daktari kwa sababu meseji zao zinamburudisha mama yako. Nakupa saa moja. Ziende kwa wenyewe, na kwa mama yako isiende hata moja. Ikienda moja, usihangaike kuja ofisini, nitampa mtu akuletee vitu vyako."

Alikata. Injinia alikaa akiutazama mstari ule kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Kisha aligeuka.

"Mama. Jana ziliingia zote hizi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ni ule mchezo wetu."

"Lakini siku zote ukizipata unaniambia! Siku zote unanisomea!"

"Nilidhani ni mchezo," Mama Pini alirudia, na hakuweza kumtazama. Mzee alimtazama mkewe, akakumbuka chai iliyokuwa haijapoa.

*

Haikumchukua hata nusu saa. Injinia aliufuta mstari, akanakili mipangilio iliyo sahihi, akaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini huku baba yake akifuata kwa kidole bila kuelewa hata neno moja. Kisha akaongeza kitu kama kufuli: seva ya wateja ikiukuta mstari ule tena siku yoyote, ikatae kuwaka.

"Nilipaswa kuiweka tangu mwanzo," alisema. "Haya. Redio zima, Baba. Simu ya Mama iwekeni hapa katikati."

Mzee alizima redio. Mama Pini hakusogea.

"Mama, simu."

"Ya nini tena?"

"Ndiyo kipimo chenyewe. Nikibonyeza hapa zinaondoka upya, zote sitini na moja, kila moja kwa mwenyewe. Simu yako ikikaa kimya, tumepona. Ikilia hata mara moja, bado nimekosea, na kazi sina."

Katika chumba kile ni Mama Pini peke yake aliyejua kwamba italia. Aliiweka simu mezani taratibu. Aliwaza kuizima, binti angeona. Aliwaza kusema sasa hivi, kabla, ili mtoto asishtuke. Lakini aseme nini? Huenda ni njema, na ikiwa njema watacheka wote, atawasimulia habari ya zipu na mzee atamgombeza hadi kesho kutwa.

"Ngoja," alisema.

"Nini?"

"Basi. Bonyeza tu."

Injinia alibonyeza. Wakasubiri watatu, wameinama, wanaitazama simu ya vitufe juu ya kitambaa cha meza. Haikulia. Mzee alianza kutabasamu. Injinia alishika mkono wa baba yake.

Simu ikatetemeka, ikasogea kidogo, ikatulia.

Walisubiri nyingine. Haikuja.

"Bado," Injinia alisema, akafunika uso. "Bado, jamani. Bado ipo."

"Lakini ni moja tu," baba yake alisema. "Sitini zimepona."

"Moja ni ile ile, Baba! Mashine haikosei moja. Ama ikosee zote ama isikosee. Hii sielewi. Hii sielewi kabisa."

Simu ya Injinia mwenyewe ilianza kuita: bosi. Aliipokea bila kuiinua, ikabaki kwenye spika.

"Kliniki zinasema zinaingia," bosi alisema. Sauti ilikuwa imelegea kidogo. "Hata za chanjo. Huko kwenu?"

"Huku... imelia moja, bosi."

"Moja? Kwa nini moja?"

"Sijui."

Mama Pini aliisukuma simu ndogo upande wa binti yake. Alikuwa na miwani yake shingoni na hakuivaa.

"Nisomee," alisema.

"Mama, ngoja kwanza, naongea na..."

"Nisomee, mwanangu."

Injinia aliifungua. "Majibu ya kipimo chako yametoka," alisoma, haraka haraka, kama anavyosoma za majaribio. "Fika kliniki ndani ya siku mbili kuonana na daktari. Tafadhali uje na mtu wako wa..." Hapo akapunguza. Alitazama pini, zilizokuwa zimejipanga upande wa kulia wa gauni, upande ambao hazijawahi kukaa. Alimtazama mama yake usoni.

"Hujakosea," Mama Pini alisema. "Umetengeneza vizuri. Hiyo umeipeleka kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" mzee aliuliza. "Mbona siwaelewi? Mwenyewe nani?"

Mama Pini alitaka kusema mengi, kwamba alikwenda kwa ajili ya zipu kweli, kwamba siku mbili ukihesabu tangu jana zinakwisha kesho, kwamba anaogopa, anaogopa sana. Alichosema ni kimoja.

"Daktari ni kesho asubuhi. Kama utapata ruhusa."

"Haloo?" bosi alikuwa anaita kutoka mezani. "Haloo? Nakuuliza, hiyo moja ni ya nani?"

Injinia alikuwa bado ameishika ile simu ndogo, kwa mikono miwili.

"Ni ya mama," alisema. "Kesho sitakuja kazini."